Viatu Vilivyokula Mtamba Wangu

Wanaosema viatu havikimbii, miguu ndiyo inayokimbia, wengi wao hawajawahi kukimbia hata kufukuza kuku. Mimi nimekimbia barabara za Saboti tangu darasa la nne, na siku nilipoingiza mguu katika kile kiatu chepesi dukani Kitale, nilijua nilikuwa nimepunjwa miaka yote hiyo. Nilikanyaga sakafu, sakafu ikanirudisha juu. Muuzaji akataja bei. Nikacheka, nikatoka, nikaenda nyumbani kuuza mtamba.

Mtamba alikuwa wangu, bibi yangu aliniachia, kwa hivyo sikuomba ruhusa. Mama ndiye aliyekuwa akimkatia majani kila asubuhi, lakini hilo sikulifikiria. Nilipomwonyesha viatu, aliweka kimoja kiganjani, akakipandisha na kukishusha.

"Ati ng'ombe mzima amekuwa hii? Hii hata upepo itabeba."

"Si ndiyo maana, Mama. Wepesi ndio unauzwa."

"Haki ya Mungu, huko mjini kuna watu wanajua ujinga wetu."

Tukawekeana masharti. Bungoma kulikuwa na mbio za barabarani, na mshindi upande wa wanawake angepewa mtamba. Nikishinda, zizi lipate mtu wake na maneno yaishe. Nikishindwa, viatu viuzwe, nirudi kupalilia mahindi kama watu wengine, nisitaje mbio tena. Nilikubali haraka. Sikuona wa kunishinda.

Sasa, kwetu kiatu kipya hakivaliwi hivi hivi. Kwanza kinapelekwa kwa fundi kishonwe kuzunguka soli, maana gundi ya dukani haiaminiki. Hata cha shule, hata cha harusi. Basi siku moja kabla ya mbio, nikiwa nimelala mchana kupumzisha miguu, mama alichukua viatu vyangu akaenda navyo sokoni. Alirudi akitabasamu. Fundi alikuwa amevishona kwa uzi mweusi wa nailoni, kisha, kwa kuwa mama alimwambia ni vya kukimbilia na vitapata taabu, akapigilia soli ya tairi la gari kwa misumari.

"Hivi sasa ndio viatu," akasema. "Utazeeka navyo."

Nilipiga mayowe hadi jirani akaja na panga akidhani tumeingiliwa na mwizi. Nikashika kisu nibandue lile tairi, na soli laini ikaanza kumeguka nalo kama mkate. Nikaacha. Mama alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya leso aliyojifunga kiunoni.

"Nilitaka tu visiharibike," akasema. "Si ng'ombe yako iko hapo ndani?"

Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sijui kipi kiliniuma zaidi.

Bungoma nilikimbia na raba zangu kuukuu, zilizoisha kisigino na kunibana vidole. Na nilishinda. Nilisema nitashinda, nikashinda, lakini sitakudanganya: dada aliyekuwa wa pili alivaa viatu kama vyangu, na kwenye mwinuko wa mwisho nilisikia pumzi yake shingoni. Ningekuwa na vyangu, angesikia habari zangu redioni. Mama alikuwa kando ya barabara akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Tulirudi na mtamba nyuma ya pikapu, mama akiimba njia nzima kwa sauti hiyo hiyo ya mkwaruzo.

Jioni aliniletea beseni la maji ya chumvi. Aliponivua soksi, ukucha wa kidole gumba ukaja nayo. Aliutazama kwa muda. Kisha akaokota ile raba kuukuu, akaiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha kama siku ile. Aliniosha miguu yote miwili, mimi mtu mzima, akanifunga kitambaa.

Siku ya soko niliamka nikamkuta mama uani, amemfunga mtamba kamba shingoni. Nilidhani anampeleka malishoni, nikamwuliza mbona mapema hivyo.

"Vaa twende Kitale," akasema. "Utanionyesha hiyo duka. Na hivyo vingine nikivipeleka kwa fundi, unifukuze kwa hii boma."

"Mama, zizi litabaki tupu tena."

"Kwani si wewe ulisema unajua kushinda? Utaleta ingine."

Akatangulia, kamba mkononi. Miguuni alikuwa amevaa vile vya tairi, fundi ameshavipigilia upya. Miguu yetu ni saizi moja.