Pikipiki yangu ya silinda mbili ilirudi kutoka gereji na silinda moja

"Mama, hii si sufuria. Enda nyumbani, tuma mzee wako aje tuongee."

Wakuu, fundi aliponiambia hivyo ndio niliwaka. Nawasalimu wote, wa Kitale, wa Bungoma na mlio mbali. Nitasema kile niliona na macho yangu tu, na pale nilikosea pia nitasema.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka miwili. Mzee sina. Kazi yangu ni vifaranga wa siku moja. Nawachukua Kitale asubuhi, nawapeleka Kimilili na Kapsokwony, siku zingine mpaka Myanga.

Pikipiki yangu ni cc 250, silinda mbili, mtumba. Niliuziwa na afisa wa kilimo aliyestaafu. Watu walicheka, ati mwanamke na chuma kama hiyo, na huku boda wengi bado ni wa baiskeli.

Wacha wacheke. Silinda moja inatetemesha maboksi mpaka vifaranga wanafika wamelewa. Silinda mbili inaenda laini, na mlima wa Kapsokwony inapanda ikiimba.

Mafuta inakunywa, sikatai. Tairi ya nyuma nayo inaisha haraka. Lakini ukiizoea, bana, hutataka ingine.

Shida ilianza baada ya service. Fundi alikaa nayo siku mbili. Nilipoichukua ilikuwa inakohoa.

Nikarudi, akasema plagi ni mpya, zitazoea. Nikarudi tena, akasema ni mzigo. Mara ya tatu, ati mimi naogopa kuvuta mafuta.

Wiki hiyo ikazimika katikati ya mlima, mvua inanyesha. Nilivua koti nikafunika maboksi, nikasukuma.

Boksi moja lilifika bila kifaranga hata mmoja mzima. Mteja wangu, mama mwalimu, alichungulia ndani akafunga polepole. "Si ulisema utafika saa nne?" Basi. Heri angenigombeza.

Hapo kwake niliiwasha, nikaiacha ingurume kidogo, nikagusa ekzosi zote mbili, zile bomba za moshi, na mgongo wa kidole, vile napima homa ya mtoto. Ya kulia karibu inichome. Ya kushoto baridi kama jiwe la mtoni, yaani silinda ya upande huo haichomi.

Nikaomba spana, nikainua tangi niangalie koili, ile kitu inapeleka moto kwa plagi.

Sasa sikieni. Kwetu ukipeleka sufuria kwa matanga unaiwekea alama na rangi ya kucha. Usipoweka, unarudishiwa ya mtu mwingine, imetoboka. Mimi hii pikipiki niliifanyia hivyo siku ile ile nilinunua. Kila kitu kinachofunguka na spana, nukta nyekundu.

Koili ya kulia ilikuwa na nukta. Ya kushoto haikuwa na nukta, ilikuwa na ufa umepakwa gundi.

Kesho yake niko gereji. Nikamwambia fundi hii koili si yangu. Ndio akaniletea hiyo maneno ya sufuria, wenzake wakacheka.

Nyuma yake kulikuwa na pikipiki kama yangu, tangi imetolewa. Nikampita, nikainama niangalie koili yake.

"Fundi, hii nukta ni ya nani?"

"Nukta gani, madam?"

"Hii nyekundu. Kwani wewe hupaka kucha?"

Mwenzake mmoja alicheka mpaka akaangusha nyundo. "Umeshikwa na mathe, bana!"

Fundi akalainika ghafla. "Dada, kuja kando tuelewane."

"Tuelewane hapa hapa. Wakati wa kunitusi hukuniita kando."

Nikatoka, nikaenda kituo cha polisi kwa miguu.

Kosa langu ni hili: niliacha pikipiki nikaenda zangu, nikaamini maneno mara tatu wakati kidole changu kingeniambia ukweli siku ya kwanza. Wenye silinda mbili, gusa ekzosi kabla hujatoka gereji. Na service ikifanywa, simama hapo, hata wakikuudhi.

Walionizidi kwa mambo ya polisi, someni hii barua yangu ya malalamiko na mniambie kama kuna kitu nimeacha. Nimeshaipeleka, lakini naweza kuongeza. Niko hapa saiba, kwa kompyuta za kulipia, nakopi kutoka kwa karatasi:

"Mimi ni mkaaji wa Kitale na ndiye mwenye pikipiki hii. Nalalamika kwamba fundi niliyempa pikipiki kwa service alitoa koili ya silinda ya kushoto bila ruhusa yangu, akaifunga kwa pikipiki nyingine, na yangu akaifungia koili iliyopasuka. Niliiona mbele ya watu, ina alama yangu. Kwa sababu hiyo nilikwama njiani na vifaranga wa mteja wakafa. Naomba koili yangu irudishwe, na fundi aandike kwa mkono wake kile alifanya. Niko tayari kuja siku yoyote nikiitwa, isipokuwa Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwa sababu nina vifaranga wa kupeleka."