Kioo Kilichosema Sawa

Ukumbi wa parokia pale Kawajense haukuwa na kioo. Mwalimu wetu, dada mmoja aliyemfuata mume wake aliyehamishiwa kikazi Mpanda, alitufundisha baleti, ile dansi ya Kizungu ya kunyoosha miguu, kila Jumamosi, tumeshika bomba la chuma lililofungwa ukutani. Bomba hilo aliliita baa. Mama aliposikia binti yake anashinda baa, weee! Nusura nichapwe kabla sijamweleza kwamba ni chuma tu cha kushikilia.

Kwa kuwa kioo hakikuwepo, kila mmoja alipewa mwenzake wa kumtazama. Wangu alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, msichana wa Usevya aliyekaa kwa shangazi yake, jirani zetu. Tulikunja kitenge kama mkanda, tukakifunga usawa wa nyonga. Unashika bomba, unainua mguu nyuma, mwenzako anakaa chini nyuma yako anakiangalia. Kitenge kikilala, nyonga ziko sawa. Kikipanda upande mmoja, umeharibu. Mwenyewe huwezi kujiona. Ukigeuza shingo tu, mwili wote umeshapinda.

Tulisemana bila huruma. Nilimkemea kila mara: "Shusha kushoto! Usibinue makalio, vuta tumbo!" Alinuna, akanyooka. Na mimi akanisema hivyohivyo, nikanyooka.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba aliyemfundisha yeye atakuja kutoka Dar mvua zikiisha, achukue msichana mmoja akasome kwake. Jamani, niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Nilifanya mazoezi hata jikoni, nimeshika dirisha, ugali unaungua na mama anafoka. Na kuanzia hapo mwenzangu akawa ana neno moja tu kwangu: "Sawa." Nikajua nimeiva. Roho kwatu.

Mgeni wa Dar alipofika, alinitazama mara moja tu, akanishika nyonga ya kulia.

"Hii imepanda, tena imezoea. Hakuna aliyekuwa anakuambia?"

Nikageuka kumtazama mwenzangu. Alikuwa anafunga upya kitenge chake, ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri tu. Akachaguliwa yeye. "Nyonga zimenyooka hizi," mgeni akasema. Zimenyooka! Nani alizinyoosha?

Nilimkamata nje, mlangoni.

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Toka lini?"

Akaanza kulia. Machozi ya nini sasa, na aliyeumizwa ni mimi?

"Toka mwalimu alivyosema anachukuliwa mmoja."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wangu alikuwa amekaa nyuma ya kitenge changu kabisa, ananitazama napinda. Kuikosa Dar nimeshazoea. Kinachoniuma mpaka leo ni ile "sawa", alivyoisema kwa upole, na mimi nikamwambia asante kila mara.

Juzi amenitumia picha. Amesimama mbele ya kioo cha ukuta mzima, mguu juu. Chini ameandika: "Mwenzangu, huku vioo vimejaa, lakini jicho ninaloliamini ni lako. Niko sawa?"

Khaa! Ana uso gani huyu? Nikaikuza picha. Nyonga ya kushoto ilikuwa imepanda, ileile ya siku zote. Kidole kikaenda kwenye S ya "sawa", kikakaa pale. Nikashindwa. Nikaandika, "Shusha kushoto," halafu nikafuta namba yake.