Kiganja Chini ya Kiwiko

Kwetu Karagwe mtu akilipia picha anataka picha nzima, kuanzia kilemba hadi viatu. Ukimkata miguu umemkosea, maana viatu navyo vilinunuliwa kwa ajili ya siku ile. Kwa hiyo mpiga picha wa harusi huku anashinda ameigeuza kamera, ameisimamisha wima.

Kama hujawahi kufanya hivyo, jaribu sasa, hata bila kamera. Mkono wa kushoto uweke chini ya kidevu, kama umebeba kitu. Wa kulia uinue hadi juu ya paji la uso, kiwiko kikiwa hewani. Kaa hivyo kidogo. Umelisikia bega? Langu lilikuwa na sababu zaidi. Niliwahi kuanguka na bodaboda nikitoka Nyabiyonza, na halikupona vizuri.

Dawa aliigundua mke wangu. Tulikuwa tumealikwa harusini Ihembe, akaniona nashusha kamera kila baada ya picha. Akaja upande wangu wa kulia, akaweka kiganja chini ya kiwiko changu, akakaa hapo. Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda kazini wote wawili.

Watu walitutania sana.

"Fundi, huyo mama anakushikilia usikimbie na bibi harusi?" mzee mmoja alipaza sauti, bilauri ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi.

"Namshikilia asianguke, shemeji," mke wangu akajibu. "Na nguzo nayo inakula, msiisahau sahani yake!"

Mimi nikiwa nimefumba jicho moja, yeye alikuwa na yake yote mawili wazi. Akinibonyeza kiwiko kwa kidole, maana yake nisubiri: kilemba cha mama mkwe kimeteleza, au bwana harusi yuko karibu kucheka. Jioni tulirudi Kayanga tukiwaigiza wageni njia nzima. Sikuwahi kufikiri kwamba hayo nayo yalikuwa sehemu ya kazi. Nilichokiona ni mke wangu kusimama juani kwa ajili ya bega langu.

Ndipo nikanunua kwa fundi mwenzangu kishikio cha betri, ambacho wengi tunakiita gripu. Kinafungwa chini ya kamera, kinabeba betri mbili, na pembeni kina kitufe chake cha kupigia picha. Ukiisimamisha kamera, mkono wa kulia unabaki chini na kiwiko kinaegemea mbavu. Kijana unayeanza kazi hii, ukipata nafasi kinunue. Bega langu lilipata nafuu kweli.

"Sasa pumzika, mama," nilimwambia kwa furaha. "Huna haja ya kuchoka na mimi tena."

Alikipima mkononi. "Kizito," akasema. Kisha akanirudishia. "Haya. Kahawa shambani ina magugu."

Niliamini nimempa zawadi.

Picha zilitoka kali, hazikutikisika. Lakini katika harusi moja nilimpiga mama wa bibi harusi picha nzuri kuliko zote, na karatasi ya bei inaning'inia kwenye mkono wa gauni lake. Alipoiona alicheka, kisha akauliza, "Mwenzio siku hizi haji?" Nikarudi nyumbani peke yangu, bila mtu wa kumsimulia.

Nilimwomba arudi. "Gripu inakushika vizuri," alisema kwa upole. "Mimi nitashika nini?" Nilimsihi mpaka akakubali, mara moja tu, kwenye kipaimara.

Alisimama upande wangu wa kulia kama zamani. Nilipoisimamisha kamera akanyoosha kiganja kwa mazoea, na kiwiko hakikuwepo. Kilikuwa chini, kimetulia ubavuni. Nilijaribu kukiinua nimfuate, lakini alikwisha kuushusha mkono, akawa ananyoosha kanga yake ambayo haikuwa imekunjamana.

Nikapiga picha. Watoto wa kipaimara wote walionekana hadi viatu.