Siku Nane Vienna

Dada yangu mdogo alifariki Vienna siku tisa kabla ya mimi kwenda kumtembelea. Visa yangu ilikuwa tayari imebandikwa kwenye pasipoti. Yeye ndiye aliyenitumia barua ya mwaliko, yeye ndiye aliyenisaidia kujaza fomu kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, huku nikiwa nimeketi kwenye staffroom ya shule yetu nje ya Eldoret na walimu wenzangu wakinitania kwamba nikirudi nitakuwa nimesahau Kiswahili. Halafu asubuhi moja mshipa wa damu ulimpasukia kichwani akiwa anafunga viatu aende kazini. Alikuwa na miaka thelathini na nne.

Kwa hiyo nilisafiri na tiketi ileile, tarehe ileile, lakini nikienda kumchukua.

Afisa wa uhamiaji pale uwanja wa ndege wa Vienna aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nilikuwa nimejifunza sentensi nzima ya kumwambia kuhusu kifo na mwili na karatasi. Ikapotea yote. Nikasema nimekuja kutembea. Akagonga muhuri, akanitakia matembezi mema.

Aliyenipokea ni mwanamke aliyekuwa akiishi na dada yangu, Mjaluo kutoka upande wa Bondo, mkubwa kwangu kidogo. Wote wawili walifanya kazi katika nyumba moja ya kutunza wazee. Alinikumbatia mbele ya watu, akachukua sanduku langu, na tulipofika kwenye treni ndipo akaniambia kwamba ofisi zitafungwa kwa sababu ya sikukuu yao, na karatasi za kusafirisha mwili zitachukua siku nane.

"Siku nane nitafanya nini?" nikamuuliza.

Jibu alinipa tulipoingia nyumbani. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne. Akafungua droo ya kitanda cha dada yangu, akatoa daftari, mojawapo ya yale ya kawaida ambayo hata wanafunzi wangu wanatumia. Akanipa.

"Alikuwa anakuandikia hii," akasema. "Sijui kama nafanya vizuri kukupa."

Ilikuwa ni mpango wa safari yangu. Kila siku na ukurasa wake, kwa mwandiko wake uliolala upande wa kushoto. Siku ya Kwanza: pumzika, kula, usibishane. Siku ya Pili: lile gurudumu kubwa. Usiangalie chini. Siku ya Tatu: kanisa, tutapanda mnara, ngazi mia tatu na kitu, acha kusema magoti, wewe unatembea shamba zima. Iliendelea hivyo kwa siku kumi.

Nilifunga daftari. Nikasema siwezi.

Niliweza, kwa sababu kukaa katika nyumba ile kulikuwa kubaya zaidi. Kikombe chake kilikuwa bado kwenye sinki siku ile nilipofika. Mwenzake alishindwa kukiosha na mimi pia nikashindwa.

Siku ya pili mwenzake alikuwa na ofu, hana zamu kazini, akanipeleka kwenye gurudumu. Liko ndani ya bustani kubwa, na badala ya viti lina vibanda vyekundu vya mbao, vikubwa kama duka la M-Pesa, vyenye madirisha. Kibanda kinapanda polepole sana. Nilishika chuma cha dirishani kwa mikono miwili. Mji ukafunguka chini, mapaa ya rangi ya udongo, mto, makanisa, vilima vya kijani mbali kule.

"Alikuwa anapenda kukaa upande gani?" nikamuuliza.

Akaniangalia. "Nani?"

"Dada yangu. Akija hapa."

Akageuza uso kwa dirisha. "Hakuwahi kupanda," akasema. "Mimi nimemwambia mara ngapi. Kila tukiwa na ofu namwambia twende. Anasema hiyo nangojea dada yangu."

Nikamwambia hapana, picha ninazo. Nikatoa simu palepale juu. Miaka sita ya picha alizonitumia. Na ni kweli: gurudumu likiwa nyuma yake. Kanisa likiwa nyuma yake. Geti la jumba la wafalme, yeye amesimama nje ya geti na koti lake la bluu. Mkahawa wenye keki dirishani, yeye amesimama barabarani. Nilizipitia zote, na hakukuwa hata na moja ambayo yupo ndani.

Lazima niseme hapa kitu ambacho sikumwambia yule mama wa Bondo siku hiyo. Dada yangu alinialika mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia mahindi bado yako shambani. Mara ya pili nikasema mitihani ya taifa. Mara ya tatu ndipo nilipokubali. Ukweli ni kwamba niliogopa ndege. Mtu mzima, mwalimu, nafundisha watoto ramani ya dunia, na nikiota nimepanda ndege naamka nimelowa jasho. Niliona aibu kumwambia. Badala yake nilimjibu kwa ukali. Siku moja, nikiwa nimetoka kupanga magunia jua kali, alinitumia picha ya lile jumba, nikamwandikia: "Wewe endelea kutembea. Sisi wengine tunalima." Alinijibu kwa kicheko tu. Nilidhani anaishi maisha ya watalii, na kumbe alikuwa akitoka zamu, anasimama nje ya milango, anapigwa picha, anarudi nyumbani kulala.

Siku ya tatu nilienda kanisani peke yangu. Ngazi za mnara ule ni za mawe, zinazunguka kama parafujo, nyembamba mpaka ukikutana na mtu anayeshuka mnabanana ukutani. Magoti yaliuma kweli. Juu kuna chumba kidogo chenye madirisha, na kijana mmoja na msichana wakaniomba niwapige picha. Niliwapiga tatu. Kisha yule msichana akachukua simu yangu kwa upole, akanionyesha kwa mkono nisimame pale dirishani, nami nikasimama, kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Ile picha ninayo. Natabasamu. Sijui nilitabasamu vipi.

Siku ya nne daftari lilisema mkahawa. "Utakula keki ya chokoleti na usiulize bei." Mhudumu mzee mwenye suti nyeusi aliniletea kahawa kwenye sahani ndogo ya chuma pamoja na glasi ya maji. Nilingoja kidogo kabla ya kushika kijiko. Pale kwetu huwezi kuanza kula mwenzako hajafika. Keki nilikula nusu.

Siku ya tano ilikuwa jumba la wafalme, na nyuma ya jumba kuna bustani ya wanyama. Alikuwa ameandika: "Dada, kuna twiga! Tutoke Kenya, tulipe kiingilio, tuone twiga. Mama akisikia atatuchapa." Nilipita vyumba vya dhahabu bila kuona chochote, nikaenda moja kwa moja kwa twiga. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anatafuna majani huku ananitazama na zile kope zake ndefu, kama jirani anayechungulia juu ya ua. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mama mmoja mwenye mtoto kwenye kigari akacheka pia bila kujua sababu. Halafu kicheko kikageuka, na nikakaa chini kwenye lami pale mbele ya ua, nikalia kama sijawahi kulia tangu nipigiwe simu. Yule mama hakuondoka. Alisimama karibu yangu akisukuma kigari mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka nikainuka.

Baada ya hapo sikufungua daftari tena. Siku ya sita yule mama wa Bondo aliniomba niende naye kazini. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye dada yangu alimtunza kwa miaka mitano. "Ameambiwa kuhusu kifo," akasema, "lakini anataka kukuona."

Bibi alikuwa ameketi karibu na dirisha, mdogo, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, mkufu shingoni. Nilipoingia alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, kwa lafudhi yake ya huko, "Chamgei."

Nilisimama mlangoni. Hiyo ni salamu yetu Wakalenjin, salamu ya nyumbani Moiben, ya asubuhi kwenye barabara ya udongo ukikutana na wazee wakipeleka maziwa.

"Chamgei mising," nikamjibu.

Nilikaa kwenye kiti kando yake. Alichukua mkono wangu akauweka mapajani mwake. Aliongea Kijerumani na yule mama akanitafsiria. Alisema dada yangu alikuwa akimweleza kila asubuhi wakati wa kumvalisha: leo mama anapanda, leo wanapalilia, leo mvua imenyesha. Alijua jina la ng'ombe wetu. Alijua kwamba mimi nakuja, na alikuwa amemsaidia kuchagua mahali pa kunipeleka, maana yeye alizaliwa katika mji ule.

"Anauliza umeonaje mji wake," yule mama akasema.

Nilitaka kumjibu kama mgeni mwenye adabu. Nikasema, "Mwambie ni mji mzuri sana. Lakini nimeuona wakati mbaya."

Bibi aliposikia tafsiri alitikisa kichwa kukubali. Hakunipa pole. Aliendelea tu kuushika mkono wangu mpaka chakula kilipoletwa, na alipoletewa supu alisukuma bakuli kwangu nile kwanza.

Siku ya nane karatasi zilitoka. Tulifika Nairobi, ndugu zangu wakatupokea, na kutoka hapo tukaja kwa gari, gari la jeneza mbele na sisi nyuma, na pale Eldoret mjini walimu wenzangu wote walikuwa wamesimama kando ya barabara wakitungoja. Tulimzika Moiben siku ya Ijumaa, kwenye shamba, juu kidogo ya mahali pa kukamulia.

Mama yetu hakuniuliza chochote kuhusu Vienna kwa karibu miezi miwili. Kisha Jumamosi moja tulikuwa nje tunapukuchua mahindi, yeye na mimi, akasema bila kuinua macho, "Sasa niambie. Huko alikokuwa anaishi, kulikuwa namna gani?"

Nikamwambia. Nikamweleza gurudumu na mnara na mkahawa, nikafanya kana kwamba ni hadithi ya dada yangu, si yangu. Nilisema alipanda. Nilisema aliingia kila mahali, alifurahi, alikuwa na marafiki.

Mama aliacha kupukuchua.

"Usinidanganye," akasema. "Mimi nilikuwa naongea naye kila Jumapili. Aliniambia anakungojea wewe."

Sikuwa na mahali pa kujificha. Nikamwambia yote, na nikamwambia kwa nini sikwenda alipokuwa hai. Nilitarajia anikaripie. Nadhani nilitaka anikaripie.

Alizitazama punje zilizojaa kiganjani. "Ungeniambia unaogopa," akasema mwishowe. "Ningemwambia yeye aje akuchukue. Angekuja. Unamjua."

Nilimjua. Angekuja, angeketi kando yangu kwenye ndege, angenicheka mpaka tufike.

Mama alimwaga zile punje kwenye beseni, akainuka, akachukua ndoo, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imefika. Nilibaki pale peke yangu. Baada ya muda nikamsikia kutoka kule kwa ng'ombe ananiita nilete kamba, na nikampelekea. Nilimshikia ng'ombe akakamua, na alipomaliza tulipita pale kaburini tukang'oa magugu yaliyokuwa yameanza kuota. Ndugu zangu wanataka tulisakafie kwa simiti kabla mwaka haujaisha. Mama amekataa. Anasema bado ni mapema mno, udongo haujakaa.