Mwanandani wa Baba

Baba alifariki Alhamisi asubuhi, na kufikia adhuhuri majirani walishaanza kutuuliza kwa upole tunasubiri nini. Tulikuwa tunamsubiri baba mkubwa, kaka yake, ateremke kutoka milima ya Usambara. Kwa Waislamu wa kijijini kwetu Handeni, maiti kulala ndani hadi kesho yake ni jambo la kusikitisha, kama mgeni kuachwa mlangoni. Walitusikitikia, kisha wakaleta mikeka na ubani, wakakaa nasi.

Nyumba ya Kikristo ilikuwa yetu tu. Baba alishuka zamani kutafuta shamba, kwa kuwa huko juu ardhi iligawanywa na kugawanywa hadi mtu analima amesimama mguu mmoja. Ilipokuja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, tulipangwa mstari mmoja na Wazigua, nyumba kwa nyumba, choo nyuma ya choo. Hakuna aliyetuuliza dini. Walituuliza tuna majembe mangapi. Krismasi ikifika, baba alimpelekea jirani kuku wetu awachinje, ili naye aweze kuwala. Idi tulikula kwake. Nilidhani dunia nzima inaishi hivyo. Nilipogundua sivyo nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka hadi leo.

Baba mkubwa alifika Ijumaa mchana kwa lori alilolikodi Korogwe, akiwa na jeneza, kitabu cha nyimbo na uamuzi. Alikuwa mzee wa kanisa. Hata hajaketi akamwambia mama:

“Shemeji, namchukua ndugu yangu tukamzike nyumbani. Na wewe na watoto mjiandae. Hapa hamna kanisa wala mchungaji. Mtapotea.”

Mama alisema mumewe aliomba kuzikwa hapa hapa, na kwamba yeye hahami. Ameshahamishwa mara moja na serikali, inatosha. Walibishana hadi uji wa baba mkubwa ukapoa. Mwishowe akakubali jambo moja.

“Nikiona amezikwa Kikristo, nitaondoka peke yangu. Nikiona mengine, lori lipo.”

Tukaenda makaburini. Jirani yetu yule wa kuku ndiye aliyeongoza wachimbaji. Walichimba tangu alfajiri, kabla jua halijachoma, na hakuna aliyewaelekeza kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna la kuelekezwa. Kaburi ni kaburi. Basi chini kabisa, ubavuni, walikuwa wamechonga mwanandani, ile nafasi nyembamba anamolazwa Mwislamu katika sanda yake kisha akazibwa kwa mbao. Ulikuwa mwanandani mzuri, umenyooka, umelainishwa kwa mikono. Jirani alisimama kando akingoja kusifiwa.

Shimo lilipimwa kwa sanda, si kwa sanduku. Jeneza halikuingia hata robo.

“Umeona, shemeji?” alisema baba mkubwa. “Wamemsilimisha akiwa maiti.”

Jirani aliumia, nilimwona. “Mzee, nimemchimbia kama nilivyomchimbia baba yangu mzazi.”

Ilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa tatizo. Baba mkubwa alishamwita dereva. Mama alinishika mkono hadi kucha zikaniingia, na mimi, binti wa miaka kumi na sita, nikaanza kuhesabu kichwani vitu gani vyetu vitaenea kwenye lori.

Jirani alimgeukia mama.

“Mama, ninyi Wakristo mnalazwaje?”

“Chali, ndani ya sanduku. Shimo linanyooka tu hadi chini.”

“Bila mwanandani?”

“Bila.”

Alilitazama kaburi. “Kama la choo,” alisema. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajaribu kuelewa. Nilicheka peke yangu, nikapigwa kofi la mgongo na mama. Kisha jirani akavua kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akampa mtu amshikie, akaruka ndani. Walijaza mawe na udongo katika ule mwanandani walioupendezesha, wakaushindilia, wakapanua kuta. Ilichukua saa nzima. Jeneza likashuka bila kugusa popote.

Baba mkubwa alisoma sala, akafungua kitabu cha nyimbo, akatuangalia. Wakristo tulikuwa watano, wawili wadogo zangu wasiojua wimbo, mmoja yeye mwenyewe na amenuna. Mama akaanza peke yake, wimbo wa Kishambaa aliokuwa akiupenda baba. Mwisho wa ubeti wa kwanza sauti ikakatika. Wanaume walikuwa na majembe mkononi, na alasiri ilikuwa imeshaingia.

“Basi, fukieni,” alisema mama. “Swala isiwapite.”

“Wimbo una beti ngapi?” aliuliza jirani.

“Sita.”

Alitazama jua, akapiga hesabu.

“Alasiri ni ndefu,” alisema. “Imba zote.”

Akaegemea jembe lake. Hawakuimba. Haukuwa wimbo wao, na mama hakuwaomba. Walisimama tu na kofia zao vichwani, na hakuna aliyegusa udongo. Niliwapenda kiasi cha kulia, na nililia. Kwenye ubeti wa tatu baba mkubwa akaingia kwa sauti nzito ya chini, bado amenuna, akaenda na mama hadi wa sita. Ndipo jirani akatupa udongo wa kwanza.

Jioni ile lori liliondoka kuelekea Segera. Baba mkubwa alikaa mbele na dereva, na nyuma hapakuwa na kitu.