Ndakala za Byamungu

Byamungu alikuwa mbishi, na mimi niliyekuwa jirani yake Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa huko Uganda, miaka kumi na sita nina haki ya kusema hivyo. Alifika mwaka 1997 kutoka Uvira, Kongo, na mkewe Mariette na mtoto wao Elisée, bila hata sufuria. Siku ya kwanza kushuka ziwani aliona visamaki vimejaa kwenye mafunjo, akarudi mbio.

"Mama Elisée! Ndakala iko huku! Mingi sana!"

Kwao, Ziwa Tanganyika, ndakala ni samaki asiyezidi kidole hata akikomaa. Unamvua kwa wavu wa matundu madogo, unamwanika mchangani. Basi akashona vyandarua viwili pamoja, akavua kama alivyofundishwa na baba yake. Mimi nilipakia magunia nikauza Mbarara. Nyumba zetu mbili zilipata mabati kwa visamaki vile, na hakuna aliyeuliza kitu.

Ila ngege, samaki mkubwa wa ziwa lile, akaanza kuadimika. Tulisingizia ukame. Mwaka 2006 akaja bwana samaki wa serikali, Mnyankole aitwaye Mbabazi. Alichukua ngege jike kutoka mtumbwi mmoja, akamfunua mdomo. Vitoto vikamwagika kiganjani mwake.

"Huyu mama anabeba mayai kwa mdomo," alisema. "Hakuli mpaka watoto waogelee. Wakiogopa, wanarudi mdomoni. Na yeye anakula tu ile kijani ya maji, hasumbui mtu."

Kisha akaokota ndakala moja ya Byamungu, akaiweka kando ya yule mama. Umbo lilelile, mapezi yaleyale.

"Mzee, hii si mukene, hiyo munaita ndakala. Hii ni mtoto ya ngege."

Byamungu hakubisha. Iliniuma kuliko kama angelia. Miaka tisa alikuwa akianika watoto, na mimi nikiwauza.

Alichoma wavu wake mwenyewe, akaomba alinde kighuba ambako ngege huzalia. Kila siku alikuwa kwenye mtumbwi, akifukuza watu. Walimtukana: ulishiba, sasa unatufungia mlango! Hata mimi nilimwambia hivyo, maana mdomo wangu hauna breki.

"Viviane," alinijibu, "nataka nione moja tu mukubwa wa fasi hii, mbele nikufe. Moja tu."

Hakuwahi kumwona mkubwa hata mmoja wa kighuba kile. Maji yalikuwa ya matope, macho yake yalishaingia ukungu, na hakuruhusu mtu yeyote atupe wavu pale, hata yeye mwenyewe. Mwaka 2013 ini lilimlaza hospitali Mbarara, akarudi ndani ya sanduku.

Siku ya kilio, Elisée, sasa mtu mzima mwenye watoto, aliona aibu. Mvuvi aombolezwe kwa maharagwe? Akaazima wavu, akaenda mahali pekee alipojua pana samaki. Alirudi na ngege kumi na mmoja, wanene, sikuwa nimeona wa namna ile tangu tufike Nakivale. Nilipowapasua midomo, vitoto hai vilimwagika karaini.

Mariette aliinama kutazama.

"Elisée, umebatosha wapi?"

Elisée aligeuza macho upande wa kighuba.

"Baba yako alibangoja miaka saba."

Akabeba karai mpaka ziwani, akavimwaga vitoto majini. Vilizungukazunguka miguuni pake, vikitafuta mdomo wa kurudi. Alisimama pale hadi nguo yake ikalowa mapajani.

Sisi tulipika. Waombolezaji walikula wakasifu, nami nilikula, nikanyonya hadi mifupa.