Hesabu Niliyoikatisha Kwenye Kona

Mvua kubwa ikikaribia Kariakoo, vyoo hunuka kabla mawingu hayajaonekana. Wenyeji wa mtaa wetu, ule unaoteremka kuelekea bonde la Msimbazi, wanaijua harufu hiyo: nzito, inapanda kutoka uani na kukaa juu ya chakula. Mimi nikiisikia hufunga madirisha hadi leo, na mimi ni mhandisi wa mazingira, mtu mzima mwenye vyeti ukutani. Watu wakiniuliza nimefikaje kwenye kazi hii, nawajibu kwamba nilipenda hesabu tangu utotoni. Ni kweli, ila si kweli yote. Na mtu anayestahili kuisikia yote sijawahi kumwambia: mama wa rafiki yangu wa shule, Zuhura.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, msichana mwenye kiherehere cha namba. Nilihesabu hatua, mapipa, mabati ya paa la jirani. Mama alisema nitakuja kuhesabu nywele za paka. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Tatu, bibi mcheshi asiyeisha maneno. Vyumba sita, familia sita, choo kimoja cha shimo. Mwaka ule shimo lilikuwa linakaribia kujaa, na gari la kunyonya majitaka lisingepenya uchochoro wetu. Bi Tatu akaamua kutapisha choo, kama walivyofanya wengi: unangoja mvua kubwa, unazibua tundu lililotobolewa ubavuni mwa shimo, maji ya mtaroni yanabeba kila kitu. Bwana afya akija, mvua imeshafuta ushahidi. Shida ilikuwa moja tu, kama shimo lingestahimili hadi masika. Nikamwamkia na kumwambia aniachie mimi. “Marahaba, mjukuu wangu,” akacheka. “Haya, tuone kama kichwa hicho si cha kusukia nywele tu.”

Kila Ijumaa nilitumbukiza ufito shimoni na kuutia alama ya mkaa. Uchafu ulipanda vidole vinne kwa wiki, na vilibaki arobaini. Wiki kumi! Masika yangefika kabla. Ningeishia hapo ingekuwa heri, lakini sifa zilishanipanda, nikageukia mtaro. Mvua za kwanza zilipoanza nilitupa gunzi la muhindi majini, nikalifuata huku nikihesabu, kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye kona. Maji yakiwa machache gunzi lilikwama; yakizidi kidogo, lilifika kwa hesabu ya tisini. Siku chache baadaye nikatoa hukumu yangu: wasizibue mpaka maji yafike tofali la tatu la mtaro, hapo uchafu hautatuama mlangoni kwetu, utapita kona kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Uani walinipigia makofi. Bi Tatu akanipa kashata mbili na kuniita profesa. Hakuna aliyeuliza baada ya kona kuna nini, nami sikuuliza, ingawa nilijua vizuri sana. Baada ya kona ni kwa kina Zuhura.

Mvua yenyewe ilikuja Jumamosi mchana, mbingu nyeusi kama sufuria. Maji yalipogusa tofali la tatu nilipiga kelele, “Sasa!” na wapangaji wawili wakazibua tundu. Nilisimama barazani nikihesabu. Mtaro ukageuka mweusi, ukabeba, ukapita. Hesabu yangu ilitoka sawasawa na nilifurahi. Sitasema uongo, nilirukaruka. Kule chini mtaro ukafurika, maji yakaingia uani kwa kina Zuhura, kwenye kisima ambacho mdomo wake ulikuwa sawa na ardhi. Jumapili mabomba yalikuwa makavu kama kawaida, wakachota kisimani. Jumanne Zuhura hakuja shuleni. Kipindupindu, wakubwa wakanong’ona. Alhamisi akazikwa, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kusogea. “Kazi ya Mungu haina makosa,” alisema Bi Tatu, akifuta machozi ya kweli. Jamani! Mimi nilijua makosa ni ya nani. Nilichukua daftari nikaiendeleza ile hesabu kutoka pale nilipoikatisha: kona, uani, kisima, ndoo, kikombe. Nimeiendeleza mpaka chuo kikuu, mpaka kazini, na haijaisha.

Leo nyumba ya Bi Tatu haipo. Limesimama ghorofa, stoo juu ya stoo, na watu wengi kama wa mtaa mzima wa zamani wanatumia vyoo vya kiwanja kimoja. Mtaro bado unateremka upande uleule. Wenye majengo wananipigia simu wakitaka kujua jambo moja tu, uchafu utaondokaje kwao. Maji ya kifuu bahari ya chungu, lakini nani anamfikiria huyo mdudu chungu? Mama Zuhura sasa anaishi Ilala, macho yamefifia. Kila nikienda hunishika kichwa, huniombea dua, kisha huwaambia majirani, “Huyu mwanangu. Alisoma na Zuhura wangu, angalieni alipofika.” Nami huitikia amina, nakunywa chai yake, naondoka. Miaka yote hiyo! Mwaka huu harufu imeshaanza kupanda, na mimi nimechoka. Yeye hawezi tena kusoma, kwa hiyo Jumapili nitakwenda na karatasi hizi, nitakaa mkekani karibu naye na kumsomea kwa sauti, pamoja na pale niliporukaruka. Sijui kama atanishika kichwa tena.